Shosho Alinyamaza, Riwaya Ikaongea

Ukienda ushago Disemba hii, kuna swali moja naomba ulijaribu. Tafuta mzee au shosho yeyote aliyezaliwa kabla ya 1945, haswa kama kwenu ni Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu au Meru. Muulize: wakati wa hali ya hatari mlikuwa wapi? Alafu nyamaza, umwangalie tu uso. Wengi watabadilisha mada. Wengine watakuambia hayo yalipita, na waitishe chai. Wachache wataanza kuongea na watashindwa kumaliza.

Mimi naamini huo ukimya ni historia kamili, sawa na tarehe zote tulizokariri za Madaraka na Jamhuri. Na naamini watu wa kwanza kuusikia na kuuandika vizuri walikuwa watunzi wa hadithi. Kwa hivyo leo nataka kukushawishi kitu kimoja tu: kama unataka kujua vita vya Mau Mau vilifanya nini ndani ya watu, anza na riwaya, alafu ndio uende kwa vitabu vya historia.

Najua kuna mtu kidole chake kishaanza kuteleza kwenda posti inayofuata. "Aah, vitabu vya shule tena." Tulia, buda. Nipe dakika kumi.

Kwanza tujue tunaongea kuhusu nini

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na ikaondolewa Januari 1960. Hapo katikati kuna mambo ambayo darasani tuliyapitia mbio mbio kama mathree inakimbia kabla ya taa kuwa nyekundu.

Aprili 1954 jeshi lilizingira Nairobi yote kwa operesheni iliyoitwa Anvil, na zaidi ya watu 20,000 wakabebwa kwenda vizuizini. Ulipitishwa mbele ya gakunia, yaani mtu aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu mawili ya macho. Akitikisa kichwa vile wanavyotaka, maisha yako yamebadilika. Na hujui ni nani. Anaweza kuwa jirani yako. Anaweza kuwa shemeji yako.

Kuanzia mwaka huohuo, zaidi ya watu milioni moja walitolewa kwa nguvu kwenye mashamba yao wakawekwa kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miiba. Wengi wa waliochimba mitaro hiyo walikuwa wanawake. Waliokuwa kambini waligawanywa kwa rangi: weupe ni waliokiri, kijivu wanaelekea kukiri, weusi ni wagumu. Mahakama za kikoloni zilinyonga watu 1,090. Walowezi wa kizungu waliouawa na Mau Mau katika miaka hiyo yote walikuwa 32.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo hatupendi kuigusa. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, pale Lari, wapiganaji walichoma nyumba za familia za homugadi na watu wa chifu. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kisasi kilianza usiku huohuo, na waliouawa kwa kisasi wakawa wengi kuliko wale wa kwanza. Wote walikuwa majirani. Wajukuu zao bado ni majirani mpaka leo, wanakutana sokoni na kanisani.

Sasa fikiria hiyo jamii mwaka wa 1963 bendera inapandishwa. Aliyekaa kambini miaka sita anarudi, anakuta aliyemtaja ndiye karani wa ofisi ya chifu. Unaanzia wapi kuongea?

Vita vilivyozaa vita

Mwaka wa 1964 kijana wa Limuru anaitwa Ngũgĩ, wakati huo akiandika kwa jina la James Ngugi, alichapisha Weep Not, Child. Wengi wetu tunaikumbuka kama hadithi ya Njoroge anayependa shule. Mimi nikiisoma namwona zaidi kaka yake, Boro.

Boro alipelekwa kupigana Vita vya Pili vya Dunia upande wa Waingereza. Ndugu yake Mwangi alikufa hukohuko. Boro akarudi bila kazi, bila shamba, bila mtu wa kumwambia asante. Anakaa nyumbani kimya. Baba yake, Ngotho, anafanya kazi kwa mlowezi kwenye ardhi ileile iliyokuwa ya ukoo wao. Na Ngotho mwenyewe alichukuliwa kwa nguvu wakati wa Vita vya Kwanza kufanya kazi za jeshi. Alafu umwangalie huyo mlowezi, Bwana Howlands. Yeye pia alitoka kwenye Vita vya Kwanza akiwa amevunjika ndani, akakimbilia Kenya ili ajifiche kwenye udongo, na mtoto wake akauawa kwenye vita vya pili.

Unaona vile Ngũgĩ amefanya? Amewaweka wanaume watatu kwenye boma moja, wote wamebeba vita ambavyo hawakuvianzisha, na hakuna hata mmoja anayejua kuvitaja. Kwa hivyo hali ya hatari inapotangazwa, vita vinaingia kwa watu waliokuwa na majeraha tayari. Boro anaenda msituni akiwa hana imani tena na kitu chochote isipokuwa kisasi. Howlands anakuwa afisa wa wilaya na anawatesa watu kwa mikono yake.

Hilo halikuwa la kubuni tu. Waruhiu Itote, yule tunayemjua kama Jenerali China, alipigana kweli Burma kwenye jeshi la Mwingereza kabla ya kuingia msitu wa Mlima Kenya, na mwaka wa 1967 akatoa kitabu chake kuhusu maisha hayo. Mwalimu wa historia atakuambia "wanajeshi waliorudi kutoka vitani walichangia kuamsha uzalendo", na utaandika hiyo sentensi kwa mtihani upate alama. Riwaya inakuonyesha mtu huyo akiwa amekaa jikoni kwa mama yake, haongei.

Gitogo

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Ngũgĩ alikuwa na kaka wa kambo aliyeitwa Gitogo. Alikuwa kiziwi. Siku moja wakati wa hali ya hatari, askari walipaza sauti wakisema simama. Gitogo hakusikia. Wakampiga risasi akafa.

Ngũgĩ alikuja kueleza kisa hiki kwenye kumbukumbu zake za utotoni, Dreams in a Time of War, zilizotoka 2010. Lakini alikuwa ameshakiandika zaidi ya miaka 40 kabla. Kwenye riwaya yake A Grain of Wheat, ya 1967, kuna mama mzee anayeishi peke yake. Mtoto wake alikuwa kiziwi na bubu. Aliuawa kwa risasi kwa sababu hakusikia amri ya kusimama. Na jina la huyo mtoto kwenye riwaya ni Gitogo. Hakulibadilisha.

Manze, hebu fikiria. Kijana wa miaka ishirini na kitu, yuko masomoni Leeds, Uingereza, nchi ileile iliyotuma wale askari, anaandika riwaya na analiingiza jina la ndugu yake humo ndani bila kumwambia msomaji. Waliosoma mwaka huo waliona mhusika mdogo tu, yuko kwenye kurasa chache. Familia moja Limuru ingeona jeneza.

Na huyo mama mzee kwenye riwaya hakubali kwamba mtoto wake hayupo. Anamwona kijana mwingine, Mugo, anaamini ni mwanawe amerudi. Hakuna daktari kwenye hadithi wa kumpa huo ugonjwa jina. Na hata huko nje jina lenyewe lilikuwa bado. Madaktari wa Marekani waliingiza kiwewe cha vita kwenye mwongozo wao rasmi wa magonjwa ya akili mwaka wa 1980. Riwaya ya Ngũgĩ ilikuwa imetangulia kwa miaka 13, na wagonjwa wenyewe walikuwa wanatembea vijijini wakiitwa wachawi, walevi, au watu wa kuongea peke yao.

Shujaa ambaye hakuwa shujaa

A Grain of Wheat inasimulia siku chache za mwisho kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Kijiji cha Thabai kinajiandaa kusherehekea uhuru. Wanataka mtu mmoja atoe hotuba kuu: Mugo, aliyekaa kizuizini, akapigwa, na hakukiri kiapo. Kila mtu anamheshimu. Ukimya wake wanauona ni hekima.

Kitabu kina karibu miaka sitini, kwa hivyo sitaogopa kukuambia mwisho. Mugo ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji mkubwa wa kijiji, akanyongwa. Hakukiri kiapo kambini kwa sababu hakuwahi kukila. Ukimya ambao watu waliusoma kama ushujaa ulikuwa hofu na aibu.

Alafu kuna Gikonyo, seremala. Yeye alikiri ili atoke, arudi kwa mke wake Mumbi. Kichwani mwake bado anasikia nyayo za kule kambini zikitembea kwenye saruji. Anafika nyumbani baada ya miaka sita, anakuta Mumbi ana mtoto wa Karanja, aliyekuwa mkuu wa homugadi. Anaacha kuongea na mke wake. Wanaishi kwenye boma moja kama wapangaji wasiojuana. Anazama kwenye biashara, anapata pesa, watu wanasema amefaulu. Ukimwangalia kwa macho ya leo unaona mtu anayefanya kazi usiku na mchana ili asifikirie.

Sasa mimi ndio napenda hiki kitabu kwa sababu hii. Karibu kila mtu mle ndani amesaliti kitu: kiapo, rafiki, mke, au nafsi yake. Kwa mwandishi aliyekuwa upande wa wapigania uhuru, mwenye kaka aliyekuwa msituni, ingekuwa rahisi sana kuandika hadithi ya mashujaa safi na wasaliti wachafu. Watu wangepiga makofi. Yeye akaandika kwamba vita viliwaweka watu wa kawaida mahali ambapo kila uamuzi ulikuwa mbaya, na wakatoka hapo wakiwa wamejichukia.

Mugo anasimama mbele ya umati na kusema ukweli. Anajua anachokisema kitamgharimu maisha, na kinamgharimu. Lakini ni baada ya hapo tu ndipo Gikonyo, akiwa amelazwa hospitalini, anaanza kufikiria kumchongea Mumbi kigoda, na wawili hao wanaanza kuongea tena kidogo kidogo. Ngũgĩ hakutuahidi kwamba watapona. Alituonyesha tu wanavyoanza.

Maji ya Hola

Kuna watu wataniambia: hizo ni hadithi, zimetungwa, huwezi kuziita historia. Sawa. Twende Hola.

Tarehe 3 Machi 1959, kwenye kambi ya Hola kando ya Mto Tana, wafungwa waliokataa kufanya kazi walipigwa kwa virungu na walinzi. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema nini? Kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua kwamba waliuawa kwa kipigo, na kelele ikafika mpaka Bunge la Uingereza.

Ngũgĩ aliweka kwenye riwaya yake kambi ya kubuni inayoitwa Rira, ambapo wafungwa kumi na mmoja wanakufa kwa kipigo. Sasa niambie, kati ya taarifa rasmi ya serikali na riwaya, ni gani ilikuwa hadithi ya kutungwa?

Na mambo hayakuishia hapo. Waingereza walipoondoka walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha kwao. Ni mwaka wa 2011 tu, wakati Wakenya wachache wazee walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza, ndipo ilipokubali kwamba kulikuwa na mafaili yaliyofichwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Mmoja wa walioshtaki, Wambugu wa Nyingi, alikuwa Hola siku ile. Alipigwa akazimia, akalazwa pamoja na maiti wakidhani amekufa. Mwingine, Jane Muthoni Mara, alieleza mahakamani mateso ya kingono ambayo alikuwa ameyabeba zaidi ya nusu karne.

Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, na ikasema inasikitika. Ukigawa, ni chini ya pauni 4,000 kwa kila mtu, kwa maisha mazima. Lakini ninachotaka ushike ni tarehe. Serikali ilikubali 2013. Riwaya ilikuwa imesema 1967.

Waliosema, na waliokatazwa kusema

Hapa kwetu pia ukimya ulipangwa. Baada ya uhuru Mzee Kenyatta alisisitiza kusamehe na kusahau yaliyopita, na kitabu cha hotuba zake cha 1968 kilipewa jina la kuteseka bila uchungu. Naelewa hofu yake. Nchi ilikuwa changa, na Lari ilikuwa miaka kumi tu nyuma. Lakini kusahau kulikuwa na faida kwa watu fulani. Waliokuwa upande wa serikali ya mkoloni walikuwa na ardhi, elimu na kazi. Waliotoka msituni na kambini walikuta mashamba yameshagawanywa. Sheria ya kikoloni iliyopiga Mau Mau marufuku ilibaki hadi 2003. Yaani kwa miaka 40 ya uhuru, kisheria, waliopigania uhuru walikuwa kundi haramu. Kwani hiyo ni nini kama si njia ya kumwambia mtu anyamaze?

Pamoja na hayo, kuna walioandika. J.M. Kariuki alitoa Mau Mau Detainee mwaka wa 1963, kuhusu kambi 14 alizopitia. Gakaara wa Wanjaũ alikamatwa usiku uleule hali ya hatari ilipotangazwa, akaandika shajara kwa siri akiwa kizuizini, na ikachapishwa kwa Kikuyu mwaka wa 1983. Mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Noma, moja ya tuzo kubwa za vitabu Afrika. Meja Mwangi, aliyekulia Nanyuki wakati wa vita, aliandika Carcase for Hounds mwaka wa 1974, na humo msitu wenyewe ni baridi, njaa na kidonda kinachooza. Hakuna nyimbo za ushindi pale.

Wanawake walichelewa kusikika, na kila nikifikiria hili linaniuma. Muthoni Likimani alikusanya visa vya wanawake kwenye Passbook Number F.47927 mwaka wa 1985. Wambui Otieno alisubiri hadi 1998 kusimulia yake. Field Marshal Muthoni wa Kirima yeye hakuandika. Alibeba nywele zake za msituni kichwani mpaka Aprili 2022, zaidi ya miaka sitini, kwa sababu aliona uhuru aliopigania haujamfikia. Alifariki Septemba 2023. Hizo nywele zilikuwa kitabu pia, ila hatukujua kukisoma.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kanuni ambayo haikutangazwa na mtu: usimuulize shosho kuhusu mtaro. Tulijua tu kwamba alichimba mtaro akiwa msichana. Redio ikitaja Mau Mau alikuwa anainuka kwenda kuangalia kuku, hata kama ni saa mbili usiku. Niliposoma ile sehemu ya A Grain of Wheat ambapo wanawake wanachimba mtaro na mmoja anapigwa vibaya na homugadi, niliweka kitabu chini nikatembea nje kidogo. Sikujua yaliyompata shosho, na sitajua. Lakini nilijua sasa ni aina gani ya kitu alikuwa anakimbilia kwa kuku.

Je, walipigania upuzi?

Kuna swali gumu zaidi ambalo fasihi ya vita huuliza, na kwa Kiswahili limeulizwa vizuri na Mtanzania. Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka wa 1969, kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Unajua kisa: watu wa kusini mwa Tanganyika waliamini maji yangezuia risasi za Wajerumani. Hayakuzuia. Makadirio ya waliokufa yanafika hadi 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.

Mwishoni mwa tamthilia, Kinjeketile amekamatwa. Wajerumani wanataka kitu kimoja kutoka kwake: aseme maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua maji yameshindwa, lakini anajua pia kwamba akisema hivyo, watoto watakaozaliwa wataambiwa baba zao walikufa kwa ujinga, na hakuna atakayethubutu tena.

Mimi huwa siwezi kuamua kama nakubaliana naye. Ukimlinganisha na Mugo, ni kama waandishi hawa wawili wanabishana. Hussein anasema kuna ukweli ambao adui akiupata ataua watu mara ya pili. Ngũgĩ anasema ukweli usiposemwa ndani ya nyumba, utaua waliobaki. Nadhani wote wako sawa, na tofauti iko kwa anayeuliza. Mpelelezi wa mkoloni akiuliza, nyamaza. Mjukuu akiuliza, ongea.

Wale wa "hiyo si story yetu"

Kuna pingamizi mbili ambazo huwa nazipata kila nikileta mada hii.

Ya kwanza: hii ni hadithi ya Wakikuyu, wengine tunahusika vipi? Jibu langu ni kwamba ukimya wa vita uko kila kona ya nchi hii. Kaskazini kulikuwa na vita vya Shifta kuanzia 1963. Februari 1984 kulikuwa na Wagalla, na S. Abdi Sheikh aliandika kitabu kuhusu mauaji hayo mwaka wa 2007. Kisha kuna Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya 2014, ambayo inaanza na kijana Odidi Oganda akiuawa kwa risasi mitaani Nairobi mwisho wa 2007, uchaguzi ukiwaka moto. Dada yake anarudi kutafuta sababu, na kila mlango anaofungua unampeleka nyuma zaidi: kifo cha Tom Mboya 1969, na hadi miaka ya Mau Mau, kwa siri ambazo baba yake amezikalia maisha yake yote. Familia hiyo haitoki Nyeri. Kidonda ni kilekile.

Ya pili: kwa nini tufukue makaburi? Buda, makaburi yenyewe yako wapi? Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa mahali pasipojulikana. Mjane wake, Mukami, aliomba mabaki yake mpaka yeye mwenyewe akafariki Mei 2023. Tumempa Kimathi barabara na sanamu mjini, lakini kaburi bado. Mwaka wa 1969 P.M. Kareithi alitoa riwaya ya Kiswahili kuhusu vita vya Mau Mau akaiita Kaburi Bila Msalaba. Hata jina la kitabu lilikuwa linajua.

Kwa hivyo tufanye nini?

Kwanza, soma. Hata kama ni kitabu kimoja. Kama huna pesa, kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, na kuna wauzaji wa vitabu vya mitumba kwenye vibanda vya mjini. Kama Kiingereza cha riwaya kinakuchosha, tafuta Mzalendo Kimathi, ambayo ni tafsiri ya tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, au anza na Kinjeketile, ni fupi, unamaliza kwa siku mbili.

Pili, soma kwa akili. Riwaya inaweza kukupa hisia na isikupe hesabu. Thabai haiko kwenye ramani. Mugo hakuishi. Usije ukamnukuu mhusika kwenye mabishano kama vile alikuwa shahidi mahakamani. Isome riwaya ikufundishe maswali, alafu uyapeleke kwa historia.

Tatu, andika. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025. Waliokuwa watu wazima 1952 karibu wote wameondoka, na waliokuwa watoto wana miaka themanini na kitu. Sisi wenyewe tuko na yetu. Juni 25, 2024, vijana wa rika letu walipigwa risasi katikati ya Nairobi, na kuna wasee wanaotembea kati yetu wakishtuka kila paipu ya pikipiki ikilipuka. Kama waliokuja baada ya 1952 walisubiri miaka kumi na mitano kupata riwaya moja iliyosema ukweli wote, sisi tuna simu mfukoni na hatuna sababu ya kusubiri.

Si lazima iwe kitabu. Inaweza kuwa kurasa mbili kwenye daftari: nilikuwa wapi, niliona nini, ni nani hakurudi, na alikuwa anapenda kula nini. Weka jina lake halisi kama bado unalikumbuka. Ngũgĩ aliweka la Gitogo.